BREKI HAZIGOMI BURE



Kila gari linapoua watu katika nchi hii, hata kabla maiti hazijahesabiwa, neno moja hutangulia: "Breki ziligoma." Askari hulisema, mtangazaji hulirudia, na tajiri mwenye gari hulisema kwa sauti kuwashinda wote, maana neno hilo lamfaa sana. Ikiwa breki ziligoma zenyewe, basi hapana wa kuulizwa ila Mungu na dereva. Mungu haitwi mahakamani, na dereva mara nyingi amekwisha kufa.

Sisi wafanya kazi twajua kugoma ni nini. Mji wa Mombasa ulipogoma Januari 1947, reli na bandari pamoja, nyuma ya mgomo ule kulikuwa na malalamiko ya miaka mingi juu ya mishahara na nyumba, na aliyetaka kusikia angalisikia. Breki nazo ni vivyo hivyo. Hulalamika kwanza. Hutoa harufu, hutoa moshi, pedali hubadilika chini ya mguu. Twaandika haya ili kila mwanachama ajue malalamiko hayo ni yapi, na ajue ni nani aliyeziba masikio.

Wako watakaouliza, mambo ya motakaa yawahusu nini watu wa reli? Yatuhusu asubuhi na jioni. Wengi wetu twakaa Likoni, na wengine Shelly Beach hasa. Twatoka nyumbani kwa matatu au tukutuku mpaka kivukoni, twashuka ule mteremko wa feri kwa miguu, malori yakiteremka pembeni mwetu, na ng'ambo twapanda matatu nyingine mpaka Changamwe. Madereva na makondakta wa magari hayo ni ndugu zetu na wana wetu. Tena habari ya breki ni kazi yetu tangu zamani, kwa kuwa gari la moshi lenye mabehewa ishirini halisimamishwi kwa maombi.

Tuanze na kazi yenyewe. Watu wengi hudhani ya kwamba breki huula mwendo ukaisha. Mwendo hauishi. Hugeuka kuwa moto. Sugua viganja vyako kwa nguvu utaona. Chukua matatu ya abiria 14 iliyojaa, uzito wake kama tani 3, inakwenda kilomita 80 kwa saa katika barabara ya Ukunda. Dereva akiisimamisha mara moja tu, moto unaoingia katika breki watosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya mtungi. Akiwa katika kilomita 40, moto ule ni robo tu, wala si nusu, maana mwendo ukizidi mara mbili moto wazidi mara nne. Abiria anayegonga bati na kupiga kelele "kanyaga!" yafaa alijue jambo hilo.

Hiyo ni kusimama mara moja mahali tambarare. Mteremko ni habari nyingine kabisa. Vilima vya Shimba hufika karibu mita 450 juu ya bahari, na barabara itokayo Kwale yashuka kuja Kombani, kisha Ng'ombeni, kisha kwetu Likoni. Lori la tani 25 likiteremshwa mita 100 tu kwenda chini, likazuiwa kwa breki, moto wake ungechemsha lita zaidi ya 80 za maji, yaani debe nne. Likiteremshwa mita 300, ni debe kumi na mbili. Toa kiasi kinachochukuliwa na upepo na injini. Kinachobaki chote chaingia katika vyuma vichache vilivyofungwa ndani ya magurudumu, na vyuma hivyo havina pa kuutupa moto ila hewani, polepole. Gari likifika chini limepikwa. Na huko chini kwetu ndiko kuliko na soko, shule, watu wanaongoja matatu, na mwisho wake ule mteremko wa kivuko wenye umati wa watu, ambao maji yakitoka huzidi kuwa mkali. Malori mengine siku hizi hupita barabara ya Dongo Kundu. Yote hayapiti huko, wala matatu hazipiti zote.

Sasa breki iliyopikwa hufanya nini? Hulegea kwa njia zaidi ya moja, na dereva mzoefu huzitambua kwa mguu. Ile ngozi ngumu iliyobandikwa juu ya viatu vya breki imeshikamanishwa kwa gundi, na moto ukizidi gundi hutoa gesi. Gesi hukaa kati ya ngozi na chuma kama mafuta kati ya kikaango na chapati. Hapo pedali ni ngumu, mguu wasukuma kwa nguvu zote, na gari lakwenda tu. Ngozi ya bei rahisi, ile isiyo na jina la mtu aliyeitengeneza, hufikia hali hiyo mapema.

Malori mengi yana breki za duara kama ngoma, viatu vikiwa ndani na kusukumwa nje. Chuma kikipata moto hutanuka. Sisi tuliokwisha kuona reli zikipinda kwa jua hatuna haja ya kufundishwa. Basi duara latanuka likivikimbia viatu, viatu navyo vyalifuata, mpaka ile fimbo ya kuvisukuma yafika mwisho wake. Ikifika mwisho, hata tangi likijaa upepo tele, breki hapana. Ndiyo sababu urefu wa fimbo ile hupimwa na kurekebishwa kila mara, kazi ya dakika chache ambayo katika magari mengi hufanywa siku ya ukaguzi tu.

Lakini njia iliyo mbaya kupita zote kwa sisi watu wa pwani ni ya mafuta ya breki, yale yaliyomo katika matatu, pikapu na motakaa ndogo. Mafuta hayo yana tabia ya chumvi iliyoachwa wazi jikoni: hunyonya unyevu wa hewa mpaka yakalowa. Na hewa ya Shelly Beach mwaijua, hata kiberiti hakiwaki. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 yatakiwa yasichemke mpaka digrii 205. Yakiisha kunyonya maji kidogo, kipimo kinachokubaliwa chashuka hadi digrii 140. Yale ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiisha kulowa. Ndiyo maana huambiwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yasipobadilishwa, siku moja mteremkoni yatachemka ndani ya mabomba. Mafuta hayakubali kubanwa, ila mvuke wakubali. Pedali yazama mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga tope.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo dhuluma ilipojificha. Gari likisimama, breki zikapoa, ule mvuke warudi kuwa maji ndani ya mafuta. Pedali yapanda tena, ngumu, nzuri. Mkaguzi akija kesho yake asubuhi akaikanyaga, aandika: breki nzima. Na dereva aliyesema ya kwamba pedali ilizama aonekana mwongo.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Jirani yetu mmoja wa Shelly Beach, jina lake halina haja hapa, alikuwa akiendesha pikapu kubwa ya tajiri mmoja, kazi yake kuleta kokoto na mawe ya kujengea kutoka upande wa Kwale. Alimwambia tajiri mara tatu ya kwamba breki zanuka na pedali yateremka. Mara ya kwanza akaambiwa fundi atakuja. Mara ya pili akaambiwa yuko mwingine anayeitaka kazi hiyo. Mara ya tatu hakujibiwa. Siku moja akishuka na mzigo uliozidi, pedali ikazama. Akatia gia ya pili kwa nguvu, injini ikalia kama mnyama, kisha akaliingiza gari shambani likasimama juu ya mnazi. Hakufa mtu. Bampa na taa ziliharibika. Asubuhi fundi wa tajiri akakanyaga pedali, akaikuta ngumu. Basi ikawa dereva alisinzia. Akafukuzwa, na mshahara wake wa mwezi ukakatwa wote kulipia bampa. Mtu aliyeokoa maisha ya watu wa Kombani ameitwa mzembe, na aliyekataa kununua mafuta ya breki analala Mombasa usingizi mzuri. Bei ya chupa ile haizidi nauli za safari mbili za matatu iliyojaa kutoka Likoni hadi Ukunda.

Twajua jibu litakalokuja. Watasema madereva nao wana makosa. Wanayo, wala hatutawaficha. Wako wanaoondoa gia mteremkoni, gari likashuka lenyewe bila kushikwa na injini, ili kubana petroli au dizeli. Mchezo huo umeua watu wengi kule kati ya Sachang'wan na Salgaa, katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, hata serikali ikajenga ukuta wa kuzitenga pande mbili za barabara. Anayefanya hivyo atupa breki iliyo kubwa kupita zote, ambayo ni injini yenyewe, na uzito wote auachia viatu vinne au sita. Twamwambia waziwazi kwamba anaua. Lakini tuulize pia kwa nini anabana mafuta. Kwa sababu tajiri humpimia lita za safari, akizidisha analipa mwenyewe, akizibakiza anakula. Mwenye kuweka mizani hiyo asinawe mikono kama Pilato.

Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru kuja huku kwetu Mombasa lilitumbukia katika daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafa, na habari za kwanza zilizotoka zikasema breki. Juni 30, 2023, lori liliwavamia watu waliokuwa wakichuuza na kungoja magari katika makutano ya Londiani, wakafa zaidi ya 50. Mahali pote pawili ni miteremko mirefu, na kila mara dereva ndiye anayetajwa kwanza. Lini mmesikia tajiri ametajwa kwanza?

Reli ilikwisha kuupita ujinga huu zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, na haikuupita kwa wema wa makampuni. Juni 12, 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, gari la moshi lilikuwa limewachukua watoto wa shule ya Jumapili pamoja na wazee wao kwenda matembezi pwani. Injini ikashindwa na mlima. Wakayakata mabehewa ya nyuma wayaache pale kwanza, na breki ya namna ile ilikuwa ikikatwa inapoteza nguvu. Mabehewa yakabaki yameshikwa na breki moja ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Yakarudi nyuma, yakagonga gari lililokuwa likifuata, watu 80 wakafa. Kabla mwaka ule haujaisha Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyalazimisha makampuni yote ya reli yatie breki zinazojifunga zenyewe zikikatika. Breki za namna hiyo zilikuwapo tayari. Bwana George Westinghouse wa Marekani alikwisha kuitengeneza yake tangu 1872. Makampuni yalikuwa yakilalamikia gharama tu, kama matajiri wetu.

Wala sisi wa reli hatujisifu kupita kiasi. Juni 24, 2002, huko Tanzania katika mkoa wa Dodoma, gari la moshi la abiria lilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika likagonga gari la mizigo, watu 281 wakafa. Breki njema nayo yataka matunzo na mtu wa kuitazama. Lakini tofauti ni hii: katika reli, kwa desturi, gari haliondoki kituoni kabla breki hazijajaribiwa, na mwenye kuzijaribu ana haki ya kusema halitoki. Na gurudumu lililopata moto mno huonekana, chuma chake hugeuka rangi ya buluu, likaondolewa kazini. Dereva wa lori la kokoto ana haki gani ya kusema halitoki?

Anayo, ila hajaambiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi atoe habari kwa mkubwa wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na yamkataza mwajiri kumrudisha katika hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yasema kupeleka malalamiko juu ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, na hasara ya mali haikatwi katika mshahara ila kama mfanya kazi ameileta kwa makusudi. Nayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yakataza kulitumia barabarani gari lisilo katika hali njema. Basi maneno yamo vitabuni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwita tajiri kwa jina pale dereva anapoitwa.

Kwa hiyo kamati ya tawi letu imekubaliana kuyadai mambo haya, na tutayapeleka kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, pamoja na vyama vya wenzetu madereva. Gari lililopata ajali kwa habari ya breki lisihukumiwe kwa kukanyaga pedali. Magurudumu yafunguliwe, chuma kitazamwe kama kina nyufa na rangi ya moto, ngozi itazamwe kama imeng'aa kama kioo, na mafuta yatolewe yapimwe yana maji kiasi gani. Ushahidi wa moto haupotei wote, ila hufichwa na anayefanya haraka. Kila gari la biashara liwe na kitabu chake cha breki, dereva aandike malalamiko yake kwa tarehe, na tajiri atie sahihi. Siku ya msiba kitabu kiletwe. Asiyekuwa nacho ahesabiwe kuwa ndiye aliyenyamaza. Na mahali barabara ya Kwale inapoanza kushuka pawekwe uwanja wa malori kusimama, na kibao kikubwa cha kuwaambia watie gia ndogo.

Wakati tukingoja, wanachama wawasomee madereva wa nyumbani kwao maneno haya machache. Tia gia ya chini kabla ya mteremko, si katikati yake, maana katikati gia huenda isikubali kuingia. Usiulaze mguu juu ya pedali njia nzima. Kanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue vya kutosha, kisha achilia breki zipumue. Pedali ikizama, piga upesi upesi mara kadhaa, teremsha gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, tafuta mahali pa kupanda au vichaka. Ukisikia harufu kama ya nguo inayoungua, simama, ngoja, wala usimwage maji juu ya duara la moto, litapasuka. Na wewe abiria ukisikia harufu hiyo usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie dereva asimame, na akisimama usimtukane kwa kukuchelewesha kazini.

Habari ya yule jirani wa Shelly Beach, chama chake cha madereva kimemwandikia tajiri barua mbili, ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa vifungu vya sheria, kudai mshahara uliokatwa na kazi yake. Nakala ya kila barua imebandikwa katika ubao wetu wa matangazo. Jibu halijafika. Ile pikapu tuliiona Jumatatu kivukoni ina taa mpya na dereva mpya, kijana mdogo, imejaa kokoto mpaka juu.